Ram si Panadol, jamani!

Haya, leo nina neno na wale mafundi na mabingwa wa mtaani ambao kwa kila ugonjwa wa kompyuta (au tarakilishi, kwa wale wa kamusi) wana dawa moja tu: "ongeza ram". Ikichelewa kuwaka, ongeza ram. Ikikwama kwenye YouTube, ongeza ram. Ikipata moto kama jiko la makaa, ongeza ram! Huo si ushauri, ndugu zangu. Huko ni kubahatisha, na anayebahatisha anatumia pesa zako wewe.

Zamani kosa hili halikuumiza sana. Lakini mwishoni mwa 2025 bei ya ram ilipanda vibaya kwa sababu viwanda vilikimbilia seva za akili bandia, ambako pesa ni nyingi. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kwamba inaacha kuwauzia watu wa kawaida ram yake ya Crucial. Kwa hivyo kabla ya kutoa hata shilingi, tuelewane ram inafanya kazi gani.

Ram ni meza ya kazi, diski ni kabati. Meza ikijaa, Windows huanza kuhamishia vitu kabatini na kuvirudisha kila unapovihitaji. Kama kabati lenyewe ni diski ya zamani ile ya kuzunguka, inaweza safari kama mia moja tu kwa sekunde, wakati SSD hufanya maelfu kwa maelfu. Hapo ndipo mashine inaganda na wewe unaanza kuipiga makofi. Lakini kama meza yako ina nafasi, kununua meza kubwa zaidi hakuongezi kasi yoyote. Utakuwa na meza kubwa iliyo tupu, basi.

Sasa pima. Fungua kila kitu unachotumia siku ya kawaida: brausa na kurasa zako zote, Word, muziki. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, nenda kwenye Performance na usome namba zako:

1. Memory imepita asilimia 90, na Disk inahangaika kila ukihama dirisha. Hapa kweli unahitaji ram. Mashine nyingi za GB 4 zenye Windows 10 au 11 ziko hapa, na kuzipeleka GB 8 utaona tofauti siku hiyo hiyo.

2. Memory iko kwenye 50 hivi, lakini Disk imegota 100. Mgonjwa ni diski! Nunua SSD. Ukiongeza ram hapa, umemfunga bendeji mguuni mtu anayeumwa na jino.

3. Memory na Disk zimetulia, ila CPU iko juu mbinguni. Tafuta virusi, zima programu zinazojiwasha zenyewe, na usafishe vumbi kwenye feni. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia mwendo yenyewe, na ram haiwezi kuipoza.

Najua kuna atakayesema, "Lakini ram nyingi haidhuru." Kweli, kompyuta haidhuriki. Unaodhurika ni mfuko. Kijana anayejifunza kutengeneza programu za simu sina ugomvi naye, maana Google wenyewe wanataka GB 8 kwa Android Studio peke yake, na GB 16 ukiitumia pamoja na emuleta. Huyo anunue. Lakini mzazi anayeandika barua, kujaza fomu za KRA na kuongea na watoto kwa video, GB 8 zinamtosha. Kumuuzia 16 ni kumuuzia trela mtu mwenye mzigo wa mkokoteni.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni watu kuuziwa ram ili eti mashine "iweze Windows 11". Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na hofu ikawa biashara. Sikiliza: Windows 11 inadai GB 4 tu za ram. Kinachozizuia mashine nyingi kuukuu tulizonunua kama ex-UK ni prosesa na TPM 2.0. Yenye Intel Core ya kizazi cha 6, hata uijaze GB 32, bado haimo kwenye orodha yao.

Na ukishapima ukakuta unahitaji ram kweli, hakikisha itaingia. Ya DDR3 haiingii palipotengenezwa kwa DDR4, hata uisukume vipi. Laptopu nyingi nyembamba ram yake imechomelewa kwenye bodi, hakuna pa kuongeza. Tafuta modeli ya mashine yako kwenye tovuti ya mtengenezaji, usome nafasi ni ngapi na mwisho wake ni GB ngapi.

Fundi akikwambia uongeze ram, muulize swali moja: "Umepima nini?" Akikuonyesha namba, mlipe kwa moyo mweupe. Akianza kukuna kichwa, chukua mashine yako na uende zako.

Haya, siku njema!