Bati letu na makala yetu

Ndugu wafanyakazi, na ninyi watu wa miji, tuulizane jambo moja. Yule anayechimba kasiteriti Kalima, Manono ao Walikale, anajua mchanga ule unakwenda kufanya kazi gani? Wengi wanajua bei yake tu, na bei hiyo mwingine ndiye anayeisema.

Mama akifungua kopo la samaki, anashika chuma kilichopakwa bati jembamba kusudi kisiote kutu. (Mabati ya juu ya nyumba si bati hata kidogo: ni chuma kilichopakwa zinki. Jina linatudanganya.) Bati likichanganywa na shaba linatoa shaba ngumu ya kengele na ya mashini. Na simu iliyo mfukoni mwako, vipande vyake vidogo vimeungwa kwa bati.

Lakini kasiteriti si bati bado. Ni bati lililoshikana na oksijeni, na moto peke yake hauviachanishi. Lazima makala. Ndani ya tanuru makala yanainyang'anya bati ile oksijeni, yanapanda nayo kuwa hewa, na bati linabaki chini likitiririka kama maji. Ndiyo kusema makala hayaleti joto tu, yanafanya kazi yenyewe.

Makala hatuna? Ya Luena, karibu na Bukama, yaliendesha magari ya moshi ya Katanga miaka mingi. Karibu na Kalemie yalichimbwa pia, na mahali pale panaitwa Makala. Ni kweli, makala ya Luena hayafai kufanya koke, na matanuru ya shaba ya Lubumbashi yalikula makala ya Wankie, kutoka Rhodesia ya Kusini. Lakini bati halidai koke. Watu wa kale waliliyeyusha kwa makala ya miti.

Tena Manono, zamani za Wabelgiji, bati liliyeyushwa palepale, kwa umeme wa Piana Mwanga. Basi mtu asituambie haiwezekani.

Mwaka 2024 mgodi wa Bisie, Walikale, ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, zikatoka inchini zikiwa mchanga bado. Pamoja na mchanga ule ulitoka mshahara wa mwenye kuchochea tanuru, wa fundi wake, na wa mchimba makala.

Atakayekuja kwenu kuomba kura, mwulizeni kwanza: tanuru litasimama wapi, na mwaka gani?