Uso Una Haki Zake

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuketi Raskazone siku ya Jumapili. Ukitoka mjini Tanga, ukaipita hospitali ya Bombo, barabara inakufikisha mahali ambapo bahari imetanda mbele yako na watoto wanaoga kwa kelele. Kila mwenye kamera hupapenda. Lakini kwa mpiga picha wa gazeti, anayetafuta sura ya mtu, ni mahali pa hatari.

Nyumbani kwetu tuna picha moja tu ya marehemu baba mdogo. Ilikatwa gazetini miaka mingi iliyopita. Mpiga picha alimkuta Raskazone saa sita mchana, ameketi ukingoni akifunga ndoana kwenye mshipi wake, bahari ipo nyuma yake. Picha ilipotoka, bahari iling'ara, na ngalawa ilionekana mpaka kamba za tanga lake. Uso wa baba mdogo ulikuwa doa jeusi, hauna macho wala tabasamu. Chini yake paliandikwa: "Mzee wa Tanga akipumzika." Hakuwa akipumzika, alikuwa kazini. Na jina alikuwa nalo.

Mwanawe wa mwisho aliachwa tumboni. Alipopata akili alionyeshwa karatasi ile, akaitazama sana, kisha akauliza, "Huyu ndiye baba? Mbona hana uso?" Hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Kosa lile lilitokeaje? Kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake. Maji na anga vikimeremeta, kipimo hudanganyika, huona kwamba mwanga umezidi, na kamera huupunguza. Bahari hupata fungu lake, uso hukosa. Kisha picha hupelekwa mtamboni, ambako huvunjwa kuwa vitone vidogo vidogo vya wino: penye mwanga vitone ni vidogo, penye giza ni vikubwa. Karatasi ya gazeti hunywa wino kama mchanga unywavyo maji. Vitone vya gizani hutanuka, hugusana, vikawa wingu moja. Kivuli kilichokuwa chepesi katika filamu huwa usiku katika gazeti.

Fundi anayeijua kazi yake humwondoa mtu juani, akamweka chini ya mti, uso ukielekea palipo na anga wazi. Au husogea karibu, akaupima mwanga wa uso wenyewe, na bahari akaiacha ififie ipendavyo. Macho ndiyo huyalenga kwanza. Lakini kabla ya hayo yote huamkia, huketi na huomba ruhusa, maana uso umeumbwa na haya. Mwisho hutoa daftari, huuliza jina, na huliandika kama mwenyewe alitamkavyo.

Kumnyima mtu mwanga na jina ni desturi ya zamani. Mwezi Novemba 1914 majeshi ya Uingereza, wengi wao askari kutoka India, yaliteremka Raskazone ili kuuteka mji wa Tanga. Yalishindwa na jeshi la Wajerumani, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika. Katika vita vile vya Afrika Mashariki, Mjerumani Walther Dobbertin alichukua kamera yake, na picha zake zimehifadhiwa hadi leo katika nyaraka za taifa la Ujerumani. Lakini tazama picha za zama zile: aghalabu ofisa wa Kizungu hutajwa kwa jina, na Mwafrika aliye ubavuni pake huitwa "askari" au "mpagazi," basi. Mjukuu wake akiiona leo atajuaje kwamba ni babu yake? Hata baadaye, kampuni ya Kodak ya Marekani kwa miaka mingi ilisawazisha rangi za picha kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe. Ngozi nyeusi iliachwa itoke itokavyo.

Siku hizi, ndugu msomaji, karibu kila nyumba ina simu yenye kamera, na wewe mwenyewe umekuwa mpiga picha. Basi ukimpiga mama yako picha ufukweni, mgeuze kwenye mwanga, au gusa uso wake juu ya kioo cha simu ili kipimo kimfuate yeye na si bahari. Kisha andika jina lake, mahali na mwaka. Usiseme utakumbuka. Wewe utakumbuka; wajukuu je?

Sisi tuliichukua ile karatasi ya gazeti, tukaibandika juu ya ubao, na nyuma yake tukaandika jina la baba mdogo, la baba yake na la babu yake. Uso hatukuweza kuurudisha. Jina tuliliweza, na mwanawe amelisoma. Wazee wetu walinena kwamba jina jema hung'ara gizani.