Kabla ya Kununua Kifurushi Kikubwa



Baada ya Maghribi, katika nyumba zetu nyingi, mtoto huketi mbele ya simu akimsomea Qur'ani ustadhi aliye mji mwingine. Huivuta madi kwa harakati 2 kama alivyofunzwa, lakini sauti humfikia ustadhi ikiwa imekatika au imerefuka. Mtoto hurudishwa nyuma kwa kosa asilolitenda. Akirudishwa mara nyingi huvunjika moyo. Mzazi naye, kwa uchungu, huazimia kununua kifurushi kikubwa zaidi. Twamwomba asubiri kidogo, kwani huenda fedha hizo zikapotea bure.

Kasi ya intaneti na uchelewaji wake ni mambo mawili mbalimbali. Kasi ni wingi wa maji yatokayo mferejini; uchelewaji ni muda tunaongoja tangu kuufungua mfereji hadi tone la kwanza. Darasa la sauti halihitaji maji mengi, bali lataka kila tone lifike upesi na kwa mpango. Programu za bure za kupima intaneti huonyesha uchelewaji kwa jina la ping, kwa hesabu ya milisekunde. Ikiwa chini ya 100, mazungumzo huenda vyema. Ikipita 300, watu huanza kukatizana maneno.

Tupime kwanza tukiwa kando ya ruta, kisha chumbani anaposomea mtoto. Ikiwa hesabu ni nzuri kando ya ruta na mbaya chumbani, ila imo ndani ya nyumba. Kuta nene za mawe na chokaa, kama zile za Mji wa Kale, huyadhoofisha mno mawimbi ya waifai. Ruta isifichwe kabatini wala nyuma ya televisheni. Iwekwe juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba. Mawimbi ya 5 GHz yana kasi lakini hushindwa na ukuta, ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi, ila husumbuliwa na ruta za majirani na hata maikrowevu.

Ikiwa hesabu ni mbaya hata kando ya ruta, tuzime waifai katika simu zote isipokuwa moja, kisha tupime tena. Mara nyingi hapo ndipo siri hufichuka: simu ya mmoja wetu ilikuwa ikipandisha picha na video za arusi kwenye hifadhi ya mtandaoni, na sauti ya mtoto ikipanga foleni nyuma yake. Upandishaji huo wafaa kuahirishwa hadi usiku, watu wakishalala. Kabla ya kumdhania jirani kwamba anatuibia intaneti, tuangalie kwanza simu zetu wenyewe. Shaka ikibaki, kubadilisha neno la siri kwatosha, bila ya ugomvi.

Yote hayo yakishindikana, tuandike saa na hesabu za ping kwa siku 3, ndipo tuipigie kampuni simu. Malalamiko yenye hesabu ni vigumu kuyapuuza. Wakati mwingine tatizo huwa mbali nao pia: mnamo Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki nzima. Siku kama hizo kifurushi kikubwa hakimfai mtu. Kinachofaa ni subira, na kumwomba ustadhi apokee kisomo kilichorekodiwa.

Israfu si kutupa chakula tu. Kulipia tusichokihitaji nako ni israfu. Na mtoto aliyelaumiwa kwa kosa la ruta ana haki ya kuambiwa kwamba madi yake ilikuwa sawa.

Wabillahi tawfiq.