Chapa za Kabuki: Pambo au Uhakiki?

Wahakiki wa drama aghalabu hulalamika kwamba onyesho likiisha limekwisha. Hadhira hutawanyika, na mtafiti huachiwa matini tu. Kauli hii si kweli kila mahali. Wakazi wa Edo, jiji liitwalo Tokyo hivi leo, waliuhifadhi mwili wa mwigizaji kwa chapa za mbao zilizoonyesha matukio ya kabuki.

Chapa hizo zilikuwa zao la mikono mingi. Mchoraji alibuni, mchongaji akachonga vibao vya mti wa cheri, mpiga chapa akatia rangi moja baada ya nyingine, naye mchapishaji akagharimia na kuuza. Aghalabu kilichochorwa ni kilele cha uigizaji: pale mwigizaji anapoganda ghafla, macho kayakodoa, viungo kavikaza. Wajapani huuita mkao huo ‘mie’, neno lisilohusiana kamwe na kiwakilishi cha Kiswahili. Kuteua nukta moja katika mchezo wa saa nyingi ni kuhukumu, na hukumu ndiyo mwanzo wa uhakiki.

Toshusai Sharaku ni shahidi bora. Kwa takriban miezi 10, kati ya 1794 na 1795, alitoa chapa zaidi ya 140, kisha akatoweka katika sanaa hiyo. Alimchora Otani Oniji wa Tatu akiwa Edobei anayejiandaa kupora: shingo mbele, midomo imebanwa, vidole vimetanuka kifuani. Alipomchora Segawa Tomisaburo wa Pili katika nafasi ya mwanamke, kwa kuwa wanawake walikuwa wamepigwa marufuku jukwaani tangu 1629, hakuuficha uso wa kiume uliokuwa chini ya vipodozi. Mtazamaji humwona fanani na mhusika kwa mpigo mmoja. Ni insha ngapi za uhakiki zinazoweza kufanya hivyo?

Yamkini atatokea wa kupinga kwamba chapa hizo zilikuwa bidhaa za kuwauzia mashabiki. Naam, zilikuwa bidhaa; hata vitabu vya tamthilia huuzwa. Watawala hawakuzidharau: mnamo 1842 walizipiga marufuku chapa za waigizaji. Miaka michache baadaye, Utagawa Kuniyoshi alichora nyuso za waigizaji mithili ya michoro ya ovyo iliyokwaruzwa kwenye ukuta wa ghala. Pambo tupu halitafutiwi hila za namna hiyo.

Wanafunzi wa drama ya Kiswahili wana la kujifunza hapa. Anayehakiki Kinjeketile ya Ebrahim Hussein bila kujiuliza mwigizaji alisimamaje, alivaa nini na alinyamaza wapi, ameisoma nusu yake. Picha na mabango ya maonyesho hayafai kutupwa pindi pazia linapofungwa. Yakusanywe, yahifadhiwe na yahakikiwe, kwani nayo ni matini.