Mwenye Jembe Aulizwa Karatasi, Mwenye Mashine Apita

Wako watu wa kwetu, Baraka na Fizi, wasemao ya kwamba wageni ndio wanaotumalizia kazi. Ukiwauliza ni mgeni yupi, hawanyoshi kidole kuelekea mito ya dhahabu. Wanakuonyesha Mrundi wa kambi ya Lusenda, aliyeshika jembe katika shamba la muhogo la mtu mwingine, ambaye kwa kutwa nzima hapati fedha ya kutosha chakula cha watoto jioni. Sisi twalikataa neno hilo. Si kweli, tena lawafaa watu wengine wasiotajwa.

Tuangalie sheria kwanza. Tarehe 16 Oktoba 2002 zilitolewa Kinshasa sheria mbili kwa siku moja. Namba 015/2002 ni sheria ya kazi. Yeye atakaye kumwajiri mgeni hana budi kumwombea kadi ya kazi, na iko tume ya taifa ya kuyachunguza maombi hayo. Tena kampuni zimewekewa kiwango cha wageni, zisikipite. Mgeni huyo apaswa pia kuwa na viza ya kukaa na kufanya kazi, itolewayo na idara ya uhamiaji, ile tuiitayo DGM. Namba 021/2002 ni sheria ya wakimbizi, nayo yamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Tofauti yake ni wazi. Aliyekimbia risasi mwaka 2015 akavuka kwetu hakuitwa na kampuni yo yote. Basi, kwa nini apimwe kwa kipimo cha aliyeitwa?

Hata hivyo tumeona kijana wa kambini amesimamishwa njiani, karatasi yake ya ukimbizi ikageuzwa huku na huku, akaambiwa haitoshi, mpaka ametoa matabishi. Je, ni mwenye mashine gani aliyesimamishwa hivyo?

Mwingine atajibu: «Lakini mkimbizi ashusha mshahara wa kibarua.» Neno hili lastahili jibu, maana mshahara kweli umeshuka. Lakini nani aushushaye? Ni mwenye shamba, ajuaye ya kuwa Mrundi hatathubutu kumshtaki kwa kuogopa kuulizwa karatasi. Leo ampa nusu. Kesho mwenyeji aja kuomba kazi ile ile, naye aambiwa: «Yule alikubali nusu, wewe wataka nini zaidi?» Kwa hiyo kila mara mkimbizi anapotishwa, bei ya jasho la Mbembe nayo yashuka. Wale wanaopiga kelele kwamba afukuzwe mashambani wamsaidia tajiri bila kulipwa.

Sasa twende kwenye dhahabu. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, imewawekea Wakongomani peke yao uchimbaji wa mikono. Mwezi wa Agosti 2021 gavana wa Kivu ya Kusini alisimamisha kampuni za Wachina huko Mwenga, jirani zetu, baada ya wenyeji kulalamika. Mwezi wa Januari 2025 mahakama ya Bukavu iliwahukumu Wachina watatu kifungo cha miaka 7, kwa ajili ya dhahabu na fedha walizokutwa nazo. Lakini kabla ya hapo wengine 17, walioshtakiwa kuchimba bila ruhusa, waliachiliwa wakaenda zao kwao, hata gavana mwenyewe akastaajabu mbele ya watu. Kijana wa jembe hajapata kuachiliwa kwa upesi namna hiyo!

Hatusemi Mchina ni mbaya kwa kuwa ni Mchina. Fundi ajuaye mtambo na aje, tena afundishe. Tanzania, katika sheria yake ya mwaka 2015 juu ya kuajiri wageni, yamtaka mwajiri aonyeshe jinsi raia watakavyoipokea kazi ile baadaye. Hilo ni jambo la akili, nasi twalitamani. (Tanzania hiyo hiyo imewafungia ndugu zetu katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, wasitoke kutafuta kibarua bila ruhusa. Nani kati yetu hana mjomba au shangazi aliyekaa kule? Tukiyalia ya Nyarugusu, twawezaje kuyafanya Lusenda?)

Na wazee wakumbuke zamani za Wabelgiji. Mtu mweusi hakuweza kuhamia wilaya nyingine bila pasipoti. Lakini kampuni ya shaba ya Katanga ilipohitaji mikono, katika miaka ya 1920, iliwaleta watu kutoka Rwanda na Burundi, na karatasi zilipatikana.

Kwa hiyo twataka swali ligeuzwe, aulizwe mwajiri. Kampuni ikifika Misisi na mitambo yake, chifu wa mahali na vyama vya wachimbaji wadai kuonyeshwa kadi ya kazi ya kila fundi mgeni kabla mtambo haujashushwa garini, na majina ya vijana wa hapa watakaofundishwa. Na wenye mashamba wa Baraka wamlipe yule wa Lusenda sawasawa na mwenyeji, siku ile ile aliyolima.