"Niandike dola 100?"

Juzi rafiki yangu wa hapa Bondeni alinionyesha ujumbe kwenye simu yake. Ameagiza laptopu 5 kutoka Guangzhou, dola 400 kila moja, na muuzaji anamuuliza: kwenye ankara niandike dola 100? Mwenzangu akaona kapata mtu muungwana. Nikamwambia, ndugu yangu, huyo anakuandikia kesi.

Tupige hesabu. Laptopu Kenya haina ushuru wa forodha, lakini ina VAT ya 16%. Kwa dola 2,000 ni dola 320. Kwa dola 500 ni dola 80. (Ada nyingine naziacha kando.) Umeokoa dola 240. Sasa fungua Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 203: ukitoa tamko la uongo forodhani, kifungo hadi miaka 3 au faini hadi dola 10,000. Kodi uliyokwepa bado unadaiwa, pamoja na riba. Muuzaji je? Yuko kwao, anauza. Jina kwenye hati ni lako.

Wengi husema, "Watajuaje?" Mimi kazi yangu ni programu na hifadhidata, na swali hilo hunichekesha. KRA wanaweka hati za forodha kwenye kompyuta tangu enzi za mfumo wa Simba, mwaka 2005. Kutafuta nani mwingine aliingiza modeli ile ile, na kwa bei gani, ni mstari mmoja tu wa kodi (ile ya kompyuta, si ya serikali!). Na mzigo kutoka Kilindini si mwisho wa habari: wanaweza kukudai ndani ya miaka 5, na palipo na udanganyifu hata miaka hiyo haikukingi.

Kuna upande wa pili unaoniudhi. Mtu kapata bei nafuu kihalali, afisa anaitilia shaka na kutumia bei ya bidhaa kama hiyo. Hapo weka risiti za benki na mazungumzo yako na muuzaji, na uombe uamuzi upitiwe upya ndani ya siku 30. Haki hiyo ipo, ila mawakala wengi hawakutajii.

Rafiki yangu alijibu aandikiwe 400. Muuzaji akamuuliza mara mbili kama ana hakika.