Kanda za video Rungwe: Deki inakufa kabla ya mkanda

Kwenye makabati ya sebuleni, kuanzia Isongole hadi Tukuyu mjini, bado zipo kanda za video za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000: harusi, kipaimara, mazishi ya babu, kwaya ya ushirika ikiimba uwanjani. Wengi wanazitunza wakiamini kwamba siku wakitaka watazitazama. Ila deki ya kuzitazamia iliharibika zamani, na fundi anayeijua naye ameshahamia kwenye simu.

Kwa nini tunalizungumza sasa? Mfumo wa VHS uliingizwa sokoni na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Kampuni ya mwisho iliyojulikana kuzitengeneza deki zake, Funai, nayo ya Japani, iliacha Julai 2016. Mwaka 2019, UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa kumbukumbu za sauti na picha walitoa tahadhari: ikifika 2025 hivi, kuzichezesha kanda za sumaku kutakuwa kugumu mno, kwa sababu mashine na vipuri vinatoweka. Mwaka huo umeshafika.

Kwa Rungwe kuna hasara ambayo wengi hawaifikirii. Redio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza kwa Kiswahili, na Kiingereza kidogo. Lugha za makabila hazikuwa na nafasi hewani, na televisheni zilizoanza Tanzania Bara mwaka 1994 zilifuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo mzee aliyesimama msibani akazungumza Kinyakyusa cha enzi zake, akitaja ukoo na mipaka ya mashamba, hayumo katika maktaba ya kituo chochote cha utangazaji. Kama alirekodiwa, yumo kwenye mkanda wa familia. Sisi watu wa redio tunalisema hili kwa aibu kidogo.

Hali ya hewa nayo haisaidii. Isongole iko juu, kwenye barabara ya kutoka Mbeya kwenda Tukuyu, ambako viazi vinastawi na nguo hazikauki. Unyevu wa namna hiyo huotesha kuvu kwenye mkanda. Fungua kifuniko uangalie: ukiona vumbi jeupe pembeni mwa mkanda, usiuingize kwenye deki. Kuvu itachafua kichwa cha kusomea, kisha itahamia kwenye kanda nyingine zote utakazocheza baadaye.

Kazi yenyewe si ngumu ukishapata deki nzima. Nyaya tatu, ya njano kwa picha, nyekundu na nyeupe kwa sauti, huchomekwa kwenye kifaa kidogo cha kunasa video, nacho huingia kwenye kompyuta kwa USB. Programu ya bure kama OBS Studio inatosha kurekodi. Chagua mfumo wa PAL, ndio uliotumika kwetu. Ukiacha NTSC, picha itakataa kutulia au itatoka bila rangi, na watu huishia kuulaumu mkanda bure. Vunja pia kile kipande cha plastiki mgongoni mwa mkanda ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Hakuna njia ya mkato: mkanda wa saa tatu unachukua saa tatu, na umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Hapo ndipo tunapoona kosa. Kila familia inatafuta deki yake, wakati deki zilizo hai zinahesabika. Deki moja nzuri inayotunzwa Tukuyu, mikononi mwa ushirika, shule au kikundi cha vijana wenye kompyuta, ingeweza kuhudumia kata nyingi kwa zamu. Gharama kubwa ni muda wa mtu wa kukaa nayo, na muda huo ulipwe.

Ukimpa mtu mwingine kazi hiyo, kubalianeni kabla: nakala atakayobaki nayo ataifuta lini, na haitapandishwa mtandaoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mkanda wa msiba ukishasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, sheria itakukuta umeshaaibika.

Uanze na upi? Watu hukimbilia harusi. Sisi tungeanza na mkanda wenye sauti ya mtu ambaye hayupo tena, hata kama picha yake ni mbaya. Faili liwekwe mahali pawili, kwa mfano kwenye diski ya nje na kwa ndugu anayeishi mji mwingine, kwa sababu flashi nazo hufa. Mtazame pamoja na wazee na kuandika majina ya wanaoonekana. Mkanda wenyewe msiutupe. Usimamisheni wima ndani ya boksi, mbali na jiko na mbali na spika.